UZI: Suwa Taisha, hekalu la kale la Shinto kule Nagano, Japani. Nguzo kumi na sita, ziwa lililogoma kuganda, na namna ya kulitembelea

MtembeaPole (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Watu wetu wakifika Japani, picha wanazoturushia ni zilezile: malango mekundu ya Fushimi Inari kule Kyoto, au ile taa kubwa nyekundu ya Asakusa pale Tokyo. Ni sehemu nzuri, sina neno nazo. Ila mimi nasoma Matsumoto, mkoa wa Nagano, huku milimani, na mgeni wangu akitua, pa kwanza kumpeleka ni Suwa. Kwa treni ya kawaida haifiki saa moja.

Suwa Taisha ni hekalu la Shinto, dini ya asili ya Wajapani, na linahesabiwa kati ya makongwe kabisa ya nchi hii. Matawi yake nchi nzima yanapita 10,000. Pamoja na hayo, watalii wa kigeni hawalijui sana, na wachache wanaofika wengi wao huzunguka robo saa, hupiga picha ile kamba nene ya majani ya mpunga iliyoning'inizwa ukumbini, kisha huondoka wakilalamika kwamba hawakuona jengo la maana. Hilo linaniuma. Pale cha kutazama ni kazi ya watu wa mitaa inayozunguka hekalu, na asiyejua atazame nini ataipita bila kuiona. Ndiyo maana naandika, na nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Kwanza mpangilio. Suwa ni mahekalu manne yaliyolizunguka ziwa Suwa, lililoko mita 759 juu ya usawa wa bahari, mzunguko wake kama kilomita 16. Kusini kuna mawili ya Kamisha, yaani hekalu la juu: Honmiya katika mji wa Suwa, na Maemiya katika mji wa Chino. Kaskazini kuna mawili ya Shimosha, hekalu la chini, Akimiya na Harumiya, yote mawili katika mji mdogo wa Shimosuwa. Kamisha ni kwa mungu wa kiume aitwaye Takeminakata. Shimosha huhusishwa zaidi na mkewe, Yasakatome.

Habari ya Takeminakata imo katika Kojiki, kitabu kilichokamilika mwaka 712. Anapambana na Takemikazuchi, mjumbe wa miungu ya mbinguni, anazidiwa nguvu, anakimbia mpaka ziwa la Suwa, na anaahidi kutotoka hapo tena. Kitabu cha watawala kinamwacha hapo, ameshindwa. Wenyeji wa Suwa hawakumchukulia hivyo hata kidogo. Kwao ni mungu wa upepo na maji, wa uwindaji na wa vita, na majemadari walimnyenyekea. Takeda Shingen aliiteka Suwa mwaka 1542, akamwangusha mtawala wake, halafu yeye huyohuyo akaamuru ibada za Suwa zilizokuwa zimelala zifufuliwe, na jina la mungu wa Suwa akaliandika kwenye bendera zake za vita.

Ushauri wangu: anza na Akimiya. Ukishuka stesheni ya Shimosuwa unapanda kwa miguu kama robo saa. Mji huu ulikuwa kituo cha 29 kati ya 69 katika Nakasendo, barabara ya kale iliyounganisha Kyoto na Edo (Tokyo ya leo), na ndicho kituo pekee cha barabara hiyo chenye chemchemi za maji moto. Hekaluni utayaona hayo maji: kuna joka la kuchonga linalotoa maji moto mdomoni mwake. Ukija Januari, hewa iko chini ya sifuri na vidole vimekufa ganzi, ukakinga mikono pale, hutaki kuondoka.

Adabu za kuingia ni chache. Langoni, kwenye torii, wenyeji huinama kidogo na kupita pembeni, kwa sababu katikati ni njia ya mungu. Unanawa mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, halafu unasukutua kwa maji uliyoyakinga kiganjani. Kata haigusi mdomo. Mbele ya ukumbi unatumbukiza sarafu, unainama mara mbili, unapiga makofi mara mbili, unainama tena mara moja. Hakuna atakayekukagua. Ukikosea mtu atatabasamu tu.

Ndani, katikati ya uwanja, umesimama mti wa sugi, jamii ya mwerezi, wenye umri wa mamia ya miaka. Wenyeji wanasimulia kwamba usiku wa manane hushusha matawi na kulala, na hukoroma. Nyuma yake ndipo ulipo ukumbi wa ngoma takatifu wenye ile kamba, uliojengwa 1835. Wengi huishia hapo. Zunguka ubavuni, songa mbele.

Nyuma kuna ukumbi wa ghorofa mbili uliojaa nakshi. Huu una kisa. Miaka ya 1770 watawala wa Suwa walitaka kumbi za Akimiya na Harumiya zijengwe upya. Ramani ilikuwa moja, ila kazi wakaigawa kwa mafundi wa koo mbili tofauti: Akimiya wakapewa Tachikawa, Harumiya wakapewa Osumi. Ikawa mashindano. Osumi walichelewa kuanza wakawahi kumaliza, 1780. Tachikawa wakamaliza 1781. Kumbi zote mbili zipo mpaka leo, na mwendo kati yake ni kama kilomita moja tu, kwa hiyo unaweza kuangalia huu, ukatembea, ukaangalia ule, na kujiamulia mwenyewe. Mbao hazikupakwa rangi. Majoka, simba na mawimbi yote yametoka kwenye ubao mtupu, na mikwaruzo ya patasi bado inaonekana ukisogea. Mimi binafsi nampa Tachikawa. Nakshi yake imechimbwa kwa kina hadi mnyama anaonekana kuutoka ukuta. Osumi wametulia zaidi, na wapo wazee wa Shimosuwa wasiokubaliana nami kabisa.

Nyuma ya ukumbi huo, mgeni anatarajia kuona nyumba ya mungu. Haipo. Akimiya, kitu kitakatifu chenyewe ni mti hai, aina ya ichii. Harumiya ni sugi. Kule Honmiya ni mlima. Mbele ya mti kuna vibanda viwili vya kuezekwa kwa nyasi, kimoja kipya na kimoja kikuukuu. Kila baada ya miaka sita kile kikuukuu kinabomolewa na kujengwa upya, na kingine kinasubiri zamu yake.

Na kwenye pembe nne za kila hekalu kuna nguzo nne za mti mzima uliochunwa gamba. Hizo nguzo ndizo roho ya Suwa. Naweka nukta kidogo, nitarudi jioni.

Fundi wa Mbao

Mkuu shukrani sana. Nimefanya useremala Arusha miaka mingi, na hapo kwenye mafundi wawili ramani moja nimesoma mara mbili. Usituache kwenye nguzo. Ni mti gani, urefu gani, na zinasimikwaje? Kuna krini?

MtembeaPole

Fundi, swali lako ndilo lenyewe.

Mti ni momi, jamii ya msonobari, unaokua milimani. Kila mwaka wa sita, mwaka wa chui milia na mwaka wa nyani kwa kalenda yao, hukatwa miti 16, minne kwa kila hekalu. Mikubwa hufika urefu wa mita 17 na kipenyo kinachozidi mita moja, na uzito wake unapita tani 10. Sherehe inaitwa Onbashira. Aprili magogo yanatolewa mlimani, Mei yanaburutwa mitaani hadi hekaluni na kusimikwa.

Hakuna gurudumu. Ni kamba na mikono. Kila mtaa una zamu yake, una kamba zake, na watu wanaanza kuzisokota miezi kabla. Anatangulia mtu mwenye sauti nyembamba ya juu, anaimba kuita nguvu, watu mamia wanaitikia na kuvuta kwa pamoja, na gogo linasogea hatua kadhaa. Kisha tena. Magogo ya Kamisha yamechomekewa pembe mbili za mbao mbele na mbili nyuma, vijana wanapanda juu yake na kuziyumbisha kushoto na kulia ili gogo lisikwame. Ya Shimosha hayana pembe.

Sehemu inayojulikana zaidi ni kuteremsha. Upande wa Shimosha kuna mteremko wa kama mita 100, wenye mwinamo unaofika nyuzi 35. Gogo linasukumwa ukingoni likiwa na watu juu yake, kamba ya nyuma inakatwa kwa shoka, linashuka. Watu wanarushwa huku na huku. Upande wa Kamisha, baada ya mteremko wanalivusha gogo mto Miyagawa, na maji ya Aprili yametoka kwenye theluji.

Kusimika sasa. Kichwa cha gogo kinachongwa ncha ya pembe tatu, kitako kinatumbukizwa shimoni, na gogo linainuliwa polepole kwa kamba za waya na winchi za kuzungusha kwa mikono, watu wakiwa wamening'inia juu yake tangu limelala mpaka limesimama wima. Ni hatari ya kweli. Mwaka 2010 wawili walianguka Harumiya wakafa, na 2016 alikufa mwingine Honmiya. Kila mara huzuka mjadala nchini kama iendelee, na kila mara watu wa Suwa wameiendeleza, ingawa kamba za usalama zimeongezwa.

Mwaka 2022, kwa sababu ya korona, magogo yalishushwa mlimani kwa malori na ule mteremko ukaachwa. Mei watu wakaruhusiwa kuvuta kwa mikono mitaani. Mama mmoja mwenye duka karibu na Harumiya aliniambia siku kamba ilipofika mbele ya mlango wake alilia, na mjukuu wake akashika kamba kwa mara ya kwanza.

Ukienda leo, mwaka usio wa sherehe, isogelee nguzo. Upande uliokuwa chini wakati wa kuburuta umesagika ukawa bapa, una mikwaruzo ya mawe ya barabarani. Hapo ndipo unaona kazi yote.

Mkimbiaji wa Nandi

Kaka, hii sherehe tumeshaiona Kenya nzima bila kujua jina lake. Ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi Nagano, Februari 1998, watu wa Suwa waliingia uwanjani wakasimika nguzo. Ndiyo michezo ile Philip Boit alishiriki mbio za kuteleza kwenye theluji, Mkenya wa kwanza kufika Olimpiki ya baridi. Alimaliza wa mwisho kilomita 10, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekuwa ameshinda, akamsubiri pale mwisho akamkumbatia. Mimi nilikuwa mtoto, tuliangalia kwa jirani. Zile nguzo nilidhani ni mapambo tu ya sherehe.

MtembeaPole

Ndizo hizo mkuu. Asante sana, huku Nagano wazee bado wanamtaja Boit ukiwaambia umetoka Afrika Mashariki.

Abuu Swaleh

Assalaam alaykum. Uzi mzuri, ila nina swali na naomba nisieleweke vibaya. Sisi Waislamu, na hata ndugu zetu Wakristo, tukiingia hapo na kufanya hayo makofi na kuinama si tunaabudu? Au unaweza kuingia ukatazama tu?

MtembeaPole

Waalaykum salaam shekhe. Swali la haki kabisa. Uwanja uko wazi kwa kila mtu, hakuna kiingilio, hakuna anayeulizwa dini. Mimi Mlutheri. Huwa nanawa mikono kwa heshima ya mahali, nasimama pembeni, nawaacha wenye ibada yao wafanye, na mimi natazama nakshi na miti. Sijawahi kuombwa kufanya zaidi ya hapo. Wajapani wengi ninaofahamu wanaheshimu mtu anayesimama kando kwa utulivu kuliko anayeiga bila kumaanisha. Hukumu ya dini siyo yangu, muulize mwalimu wako.

Mama Neema

Mimi nilifika huko nikifuatana na mume wangu kikazi, ni Mkatoliki, nilifanya hivyohivyo. Ongezeko dogo: tusichanganye kila hekalu la Shinto na mambo ya vita. Mzee wangu nyumbani alikataa kabisa niende kwa sababu alisikia Shinto ndiyo dini ya jeshi la Japani.

MtembeaPole

Dada umegusa jambo kubwa. Serikali ya Meiji, kuanzia 1868, ilitenganisha Shinto na Ubudha kwa nguvu na kuyafanya mahekalu kuwa ya dola. Suwa yenyewe iliumia: mahekalu ya Kibudha yaliyokuwa ndani ya viwanja vyake yakabomolewa. Hata ukoo uliotoa kuhani mkuu wa Kamisha, ambaye kwa karne nyingi alitawazwa akiwa mtoto na kuheshimiwa kama mungu aliye hai, ulipoteza nafasi hiyo. Desemba 1945 ikaja amri ya kuitenga Shinto na serikali. Leo Suwa inajiendesha kwa sadaka na michango ya wenyeji.

Mabaki ya ule mchanganyiko wa zamani yapo. Ukitoka Harumiya ukavuka mto mdogo, shambani kuna Budha wa jiwe, mwili wake ni mwamba mkubwa wa mviringo na kichwa kidogo kimewekwa juu. Ana mwaka 1660. Inasimuliwa kwamba mchongaji alikuja kupasua mwamba huo ili atengeneze lango la Harumiya, akapiga patasi, ikatoka damu. Akaacha, akamchonga Budha. Watu humzunguka mara tatu wakiomba.

Binti Kilifi

Nimesoma mpaka hapa nikiwaza kaya zetu. Kaya za Mijikenda nazo ni msitu, hakuna jengo. Ukienda Kaya Kinondo unafungwa kaniki na unaongozwa, hukati mti, huokoti hata kijiti. UNESCO waliziandika 2008. Ninachouliza ni hiki: huko Suwa ni nani anayelinda msitu? Kwetu wazee wa kaya wanazeeka, vijana wako Mombasa na Nairobi, na wenye tamaa ya ardhi wako mlangoni.

MtembeaPole

Dada, swali hili nimelifikiria sana, na kwa kweli ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Suwa nao vijana wanaondoka, na mitaa mingine imebaki na wazee watupu. Lakini Onbashira inawalazimisha kukutana. Kila mtaa una orodha ya watu wa kamba, wa shoka, wa nyimbo, wa chakula. Kijana aliyeko Tokyo anapigiwa simu. Na si kwa mahekalu manne makubwa tu: baada ya sherehe kubwa, vuli ya mwaka huohuo, hata vihekalu vidogo vya mitaa vinasimika nguzo zake ndogo, na hapo watoto ndio wanaovuta. Mtoto wa darasa la kwanza anavuta, akirudi sherehe nyingine ameshaingia sekondari, inayofuata ni mtu mzima anayepanda juu ya gogo. Ujuzi unapita hivyo bila shule.

Miti nayo ina mashaka. Momi wenye ukubwa unaotakiwa umepungua, na zipo sherehe ambazo Kamisha ilibidi itafute magogo nje ya msitu wake wa desturi. Wenyeji wamekuwa wakipanda miche kwa ajili ya Onbashira ambazo wenyewe hawatakuwepo kuziona.

Sina uhakika kwamba jambo hilo linahamishika kwenda Kilifi. Ila nina hakika kwamba mahali pasipo na kazi ya kufanya kwa mikono ya vijana, vijana hawatakuwepo.

Mwalimu wa Jiografia

Mwanzisha uzi, kichwa cha habari kimesema ziwa limegoma kuganda. Hapo sijaona maelezo.

MtembeaPole

Nakuja, mwalimu. Mimi nasoma mambo ya maji, hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Ziwa Suwa kina chake hakizidi mita 7 hivi. Baridi ikishika, lilikuwa linaganda lote. Usiku barafu inasinyaa na kupasuka, maji yanapanda kwenye ufa na kuganda. Mchana inatanuka, haina pa kwenda, mabamba yanasukumana na kuinuka kama ukuta unaokata ziwa kutoka pwani moja hadi nyingine, kwa mngurumo unaosikika mjini. Unaitwa omiwatari. Kwa wenyeji ule ni mkondo wa nyayo za Takeminakata akivuka barafu kutoka Kamisha kwenda kumwona mkewe Shimosha.

Kwa kuwa ni jambo la mungu, iliandikwa. Kumbukumbu zinaanzia 1443. Leo kazi hiyo ni ya Yatsurugi, hekalu dogo la mtaa pale Suwa. Kila alfajiri, kuanzia mapema Januari hadi mapema Februari, kuhani na wazee wa mtaa wanakwenda ufukweni kabla jua halijatoka, wanapima joto la hewa na la maji, wanavunja kipande cha barafu kama kipo, wanaandika.

Nilipata bahati ya kusimama nao asubuhi moja. Mzee alishusha kipimajoto majini kwa kamba, akakisubiri, akakisoma kwa tochi, akatamka nambari kwa sauti na mwingine akaiandika daftarini. Maji yalikuwa wazi, mawimbi madogo yanapiga kwenye mawe. Walikaa kimya kidogo wakitazama upande wa Shimosuwa, kisha wakarudi nyumbani kunywa chai na kwenda makazini.

Wanasayansi walipoyachambua hayo maandishi, katika utafiti uliotoka 2016, walikuta kwamba katika miaka 250 ya mwanzo ziwa lilikosa kuganda mara tatu tu. Kati ya 1955 na 2004 lilikosa mara 12. Kati ya 2005 na 2014, mara tano. Omiwatari ya mwisho ilikuwa 2018. Kuanzia 2019 hadi 2025, kila mwaka kuhani ametangaza kwamba "bahari iko wazi", yaani omiwatari haikutokea.

Nawaambia ukweli wakuu, sijaona darasani kitu kilichonionyesha mabadiliko ya tabianchi kama lile daftari. Na limeandikwa na watu wa mtaa, kwa zamu, vizazi na vizazi, bila mradi wala mfadhili.

Mwalimu wa Jiografia

Nitaitumia Jumatatu kidato cha tatu. Tuna theluji ya Kilimanjaro ya kuongelea, ila hatuna daftari la 1443. Ubarikiwe.

Mchomaji wa Kwa Mrombo

Ulisema mungu wa uwindaji. Fafanua. Nilisikia Wajapani wa zamani walikuwa hawali nyama.

MtembeaPole

Ulisikia vizuri. Kwa karne nyingi mafundisho ya Kibudha yalizuia kula wanyama wa miguu minne, na mara kadhaa ilikuwa amri ya watawala. Suwa ilikuwa na njia yake. Hekalu lilitoa kibali cha karatasi, kajikimen, kinachomruhusu mwenye nacho kula nyama ya mawindo bila dhambi, na wahubiri wa Suwa walikisambaza nchi nzima. Kwa watu wa milimani, wenye baridi kali na mpunga haba, hilo lilikuwa jambo la uhai. Mpaka leo unakipata hekaluni, pamoja na vijiti maalumu vya kulia nyama.

Zamani, sherehe ya masika pale Maemiya walitolea vichwa 75 vya paa. Sherehe bado inafanyika 15 Aprili, kwa kiasi kidogo zaidi. Hatua chache kutoka Maemiya kuna makumbusho madogo ya ukoo wa Moriya, waliokuwa makuhani wa ibada hizo. Jengo lilichorwa na Terunobu Fujimori, mzaliwa wa hukohuko Chino, likafunguliwa 1991, na ndiyo kazi yake ya kwanza ya ujenzi. Ukuta mzima una vichwa vya paa na nguruwe mwitu, na yupo sungura aliyechomekwa kwenye kijiti, vimepangwa kwa kufuata michoro ya msafiri aliyeishuhudia sherehe mwaka 1784. Usikose.

Maemiya yenyewe naipenda kuliko zote nne. Iko mlimani, ina kijito cha maji safi pembeni, na nguzo zake zote nne unazifikia na kuzigusa. Honmiya ni kubwa zaidi na ina lango lililotolewa na Tokugawa Ieyasu mwaka 1608, ila nguzo mbili za nyuma huzisogelei.

Mama Neema

Weka na mambo ya safari kaka, wengine tunapanga.

MtembeaPole

Kutoka Tokyo, panda treni ya kasi ya Azusa stesheni ya Shinjuku. Kufika Kamisuwa ni kama saa mbili na robo. Si zote zinazosimama Shimosuwa. Ukishukia Kamisuwa, treni ya kawaida inakufikisha kwa dakika chache. Akimiya na Harumiya zote kwa miguu. Upande wa Kamisha shukia Chino, chukua teksi au basi hadi Maemiya, kisha tembea kilomita moja na nusu hivi kwenda Honmiya. Siku moja inatosha kwa yote manne ukianza asubuhi, lakini lala Shimosuwa kama mfuko unaruhusu, uoge maji moto.

Kuna daftari la mihuri: kila hekalu wanakugongea muhuri na kuandika kwa wino na brashi mbele yako, kwa ada ndogo. Ukikamilisha manne wanakupa kumbukumbu ndogo. Na tarehe mbili za kuzingatia: 1 Februari, mungu wa Shimosha anahamishwa kutoka Akimiya kwenda Harumiya, na 1 Agosti anarudishwa, kwa maandamano na mashua kubwa ya matawi inayokokotwa mitaani. Ndizo siku pekee kile kidaraja cha kale kilicho katikati ya barabara ya Harumiya kinapovukwa. Siku nyingine zote kimefungwa, magari yanakizunguka.

Fundi wa Mbao

Onbashira inayofuata ni lini? Nina mdogo wangu Osaka, naweza kujipanga.

MtembeaPole

2028, mwaka wa nyani. Kutoa magogo mlimani ni Aprili, kuvuta mjini na kusimika ni Mei. Hoteli zote za kuzunguka ziwa hujaa mapema mno, kwa hiyo mwambie mdogo wako atafute Matsumoto au Shiojiri na mje kwa treni. Viti vya kulipia karibu na mteremko huuzwa miezi kabla. Ila wewe fundi, mimi ningekushauri Mei. Njoo siku ya kusimika Harumiya, ukae karibu na wale wa shoka wanapochonga kichwa cha gogo. Ukifika nitafute humu, nitakutambulisha kwa yule mama wa duka. Anawafahamu wote wa kamba.

Fundi wa Mbao

Mei basi. Naanza kuweka akiba mwezi huu.